Ankara imegoma kufunguka, na sasa nina wasiwasi

MhasibuKurasini
Jumanne, saa 2:40 usiku

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu. Mimi ni mhasibu katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Tuko watu tisa, hatuna mtaalamu wa kompyuta wa kuajiriwa, na mambo yakiharibika tunampigia kijana mmoja wa Kariakoo ambaye huja anapopata nafasi. Naomba msaada wenu kwa jambo lililonitokea jana, na nitaeleza yote hata yale ya aibu, kwa kuwa nimeona mada nyingi humu ambazo mleta mada huficha nusu ya habari kisha akashangaa kupewa ushauri usiomfaa.

Jana ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi. Nilikuta barua pepe themanini na kitu, nyingi zikiwa za madai: wenye malori, bandari kavu, mawakala wa meli, kila mmoja akitaka kulipwa kabla hatujafunga vitabu. Miongoni mwake ilikuwamo barua kutoka kampuni ya malori inayotubebea mizigo ya transiti hadi Tunduma. Haikuwa barua mpya. Ilikuwa jibu lililokuja juu ya mazungumzo yetu halisi ya wiki mbili zilizopita kuhusu makontena mawili, na maneno yangu mwenyewe yalionekana chini yake. Ilieleza kwa kifupi kwamba ankara imerekebishwa, imeambatishwa, na tuithibitishe kabla ya saa sita mchana. Kiambatisho kilikuwa faili la zipu, na ndani yake mlikuwa na faili moja lenye ile alama nyekundu ya PDF, jina lake INV_2291_Tunduma.pdf.

Nikabofya mara mbili. Kile kiduara cha kusubiri kikazunguka kwa sekunde mbili tatu, kikatoweka, na hakuna ukurasa uliofunguka. Nikabofya tena, na tena. Nikadhani programu yangu ya kusomea PDF imeharibika, kwa hiyo nikafanya jambo ambalo leo linaninyima usingizi: nikampelekea barua ile mwenzangu wa stoo ambaye tunakaa meza jirani, nikamwambia, "Hebu jaribu kwako, kwangu imegoma." Kwake nako ikagoma. Alasiri nilipowapigia simu wenye malori ili watume nakala nyingine, wakaniambia kuwa hawajatuma ankara yoyote tangu wiki iliyopita na kwamba barua pepe yao haina tatizo lolote. Nilipowaomba wachunguze, sauti ilibadilika, nikaona nimegeuka mimi kuwa mkosaji.

Nimeichunguza kompyuta kwa kinga ya virusi inayokuja na Windows, ikasema ni salama. Kisha, kwa tahadhari, nikabadili nywila ya barua pepe hapo hapo kwenye kompyuta yangu. Je, nimemaliza? Kwa nini kinga haikuona kitu? Na inawezekanaje barua ya kitapeli itoke katika anwani ya kweli, maana nimeikagua herufi kwa herufi na ni ile ile?


MzeeWaKontena
Jumanne, saa 3:05 usiku

Pole sana, binti yangu. Mimi nimekaa bandarini miaka mingi na barua za namna hiyo ninazipata kila wiki, kuanzia za mjane wa waziri anayetaka kunigawia mamilioni hadi za mzigo ambao sikuuagiza. Nunua kinga ya virusi ya kulipia, ipitishe kwenye kompyuta zote mbili, na ikinyamaza na wewe lala. Kama faili halikufunguka, maana yake halikufanya kazi.


FundiSeva
Jumanne, saa 3:50 usiku

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayowaponza wahasibu wengi, na naomba nipingane nayo kabla dada hajailalia. Faili lile lilifunguka. Lilichokosa kufanya ni kumwonyesha kitu, na halikutengenezwa ili limwonyeshe kitu.

Dada, kabla hujasoma zaidi, kama ofisi inafikika usiku huu mpigie mlinzi au mtu anayeishi karibu, achomoe waya wa mtandao kwenye kompyuta yako na ya mwenzako wa stoo, na kama zinatumia Wi-Fi basi kifaa cha mtandao kizimwe kabisa hadi asubuhi. Usiandike nywila yoyote kwenye kompyuta hizo, hata ya Facebook. Ile nywila mpya uliyoiweka jana hesabu kwamba wanayo tayari, kwa sababu uliichapa mbele yao.

Sasa nieleze kwa nini nasema hivyo. Windows, kwa mpangilio inaokuja nao, huficha kiendelezi cha jina la faili, yaani zile herufi za mwisho zinazoeleza faili ni la aina gani. Faili lako kwa hakika liliitwa INV_2291_Tunduma.pdf.exe, Windows ikaficha .exe, ukabaki unaona .pdf, na alama nyekundu ilichorwa tu ndani ya programu, kama mtu anavyoweza kupaka gari lolote rangi ya teksi. Hila hii ni ya zamani: kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilichotokea Ufilipino kilisafiri kwa jina linaloishia na .TXT.vbs, na watu wakaona barua ya mapenzi isiyo na madhara. Ukitaka kuhakikisha, fungua kabrasha lolote, nenda sehemu ya mwonekano, uweke alama ya kuonyesha viendelezi vya majina ya mafaili. Mimi kila kompyuta ninayoikabidhi kwa mtu wa hesabu huanza na hilo, kabla hata ya kuweka kinga ya virusi.

Kuhusu ukimya. Watu wengi wanapowaza kiambatisho chenye madhara huwaza yale mambo ya Locky ya mwaka 2016. Locky ilianza kusambaa Februari mwaka huo, nayo ilikuja kwa barua za ankara vilevile: unafungua hati ya Word, unakuta maandishi yaliyovurugika kama chakula cha kuku, na juu yake maelezo kwamba ikiwa huwezi kusoma ruhusu makro, yaani vijiprogramu vinavyofanya kazi ndani ya hati. Ukiruhusu, mafaili yako yote yanafungwa kwa usimbaji, yaani yanageuzwa yasisomeke bila ufunguo wao, yanapewa kiendelezi cha .locky, na ukutani kwenye skrini unawekewa tangazo la fidia. Mwezi huo huo wa Februari hospitali ya Hollywood Presbyterian kule Los Angeles, iliyokuwa imefungiwa mifumo yake na programu ya aina hiyo, ililipa bitcoin 40, wakati ule kiasi cha dola 17,000, ili iendelee na kazi. Mwizi wa namna ile anagonga ngoma, kwa sababu bila wewe kujua halipwi.

Wa kwako, kwa dalili ulizotaja, ni wa aina nyingine. Kuna ukoo mzima wa programu za kuiba taarifa, na zinazojulikana zaidi kwenye barua za ankara, maombi ya bei na nakala za malipo ya benki ni Agent Tesla, ambayo ipo tangu 2014, pamoja na FormBook na LokiBot. Kazi yake ni kukusanya nywila zote ulizozihifadhi kwenye kivinjari na kwenye programu ya barua pepe, kurekodi kila kitufe unachobonyeza, kupiga picha za skrini, na kuvituma nje kimyakimya. Mara nyingi huvituma kwa barua pepe ya kawaida au kupitia Telegram, kwa hiyo hata anayetazama mtandao wa ofisi haoni kitu cha ajabu. Wala wanaozitumia si lazima wawe mabingwa wa Urusi: mwaka 2020 Interpol ilitangaza kukamatwa kwa watu watatu Lagos katika Operesheni Falcon, na barua zao za mtego zilijifanya oda za manunuzi na maulizo ya bidhaa, zikibeba Agent Tesla na nyingine za aina hiyo. Programu zenyewe huuzwa kwenye mitandao yao kama vile sisi tunavyonunua vocha.

Kinga haikuona kwa sababu programu ile ile hufungwa upya kwa kila kundi la barua, kama bidhaa moja inayobadilishiwa karatasi, na wanaoituma huijaribu kwanza dhidi ya kinga zinazojulikana. Kinga inaweza kuitambua kesho au keshokutwa. Kwa hiyo leo ikisema ni salama, ujue haijakuta kitu inachokitambua, na hilo ni jambo tofauti na usalama. Na kinga ya kulipia, mzee wangu, ina tatizo hilo hilo, ingawa sikatai kwamba baadhi yake hutazama mwenendo wa programu na huwahi zaidi.

Swali lako la tatu ndilo zuri kuliko yote. Barua ilitoka katika anwani ya kweli kwa sababu sanduku la barua la wenye malori limeshaingiliwa. Mtu wao alifungua ankara kama yako, nywila ikaenda, mwizi akaingia, akasoma mazungumzo yenu, akajibu ndani yake. Programu iitwayo Emotet ndiyo iliyoifanya mbinu hii kuwa ya kawaida. Ilianza 2014 kama programu ya kuiba taarifa za benki, baadaye ikawa inaiba mazungumzo mazima ya barua pepe na kuyajibu yenyewe kwa maelfu. Polisi wa nchi kadhaa chini ya uratibu wa Europol waliziteka seva zake Januari 2021, na Novemba mwaka huo huo ilikuwa imerudi. Ndiyo maana ule ushauri wa "angalia tahajia ya anwani" haukukusaidia. Wewe ulikuwa sahihi kwenye ukaguzi wako, lakini kitu ulichokikagua hakikuwa na kasoro.

Kesho asubuhi fanya hivi, na mpangilio wake una maana. Tumia kompyuta nyingine kabisa, au simu ambayo haikuguswa na jambo hili, uingie kwenye barua pepe kupitia kivinjari, ubadili nywila, kisha utafute mahali pa kuondoa vikao vyote vilivyo wazi, yaani kila kifaa ambacho bado kimeingia kwenye akaunti, maana programu hizi huiba pia vidakuzi vya kivinjari (vijifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia) na mwizi anaweza kubaki ndani hata baada ya nywila kubadilika. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Halafu nenda kwenye kanuni za barua, zile zinazohamisha au kuelekeza barua zenyewe, uzisome moja moja. Baada ya hapo badili nywila za benki, za mifumo ya forodha na kodi, na nyingine zote zilizowahi kuhifadhiwa kwenye kivinjari cha kompyuta hizo mbili. Orodha itakuwa ndefu kuliko unavyodhani. Ipigie benki simu uwaeleze kilichotokea kabla hakijatokea cha pili. Kompyuta zenyewe zisafishwe kabisa na kuwekewa Windows upya, hati zikirudishwa kutoka nakala za akiba. Na kwa bosi mwambie kesho hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mteja.


MhasibuKurasini
Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Ahsante sana, FundiSeva. Nimeingia ofisini saa kumi na mbili na nusu, waya nimezichomoa mwenyewe. Nimewasha kuonyesha viendelezi kama ulivyosema, na kwa macho yangu nimeliona lile .exe likining'inia mwishoni. Nimekaa nikaitazama kwa muda kama mtu aliyeonyeshwa nyoka chini ya godoro alilolilalia. Bosi nimemwambia. Hakufoka, aliuliza tu ni nywila gani zilikuwamo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hata sizijui zote.

Nina mawili ya kuongeza. La kwanza, kompyuta ya stoo ina Office ya 2010, ile ya kuchakachuliwa, na haijawahi kusasishwa kwa kuwa kijana alituambia kwamba tukisasisha itakufa. La pili, huwa tunahamisha ankara kwa flashi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa ajili ya kuchapisha. Je, haya yana uhusiano?


FundiSeva
Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Yana uhusiano mkubwa, hasa la kwanza, ingawa safari hii hamkuponzwa nalo.

Office ya 2010 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Oktoba 2020, na ya kuchakachuliwa yawezekana haikuwahi kuyapata hata kabla ya hapo. Ndani ya Office za miaka ile mlikuwa na kijiprogramu cha kuandikia hesabu za kihisabati, kilichotengenezwa mwaka 2000 na kusahaulika humo. Mwaka 2017 ilionekana kwamba kina tundu, nalo likapewa namba CVE-2017-11882; Microsoft waliliziba Novemba mwaka huo, na Januari 2018 wakakiondoa kabisa kijiprogramu chenyewe. Ubaya wa tundu hili ni kwamba halihitaji makro wala halikuombi ruhusa ya jambo lolote. Kwenye Office isiyozibwa, kuifungua tu hati ya ankara kunatosha. Wezi wa ankara wanalipenda hadi leo, miaka mingi baada ya kuzibwa, kwa sababu wanazijua ofisi kama yenu na, niseme ukweli, kama nyingi nilizozihudumia mimi. Kama fedha ya leseni haipo, LibreOffice ni ya bure na inafungua hati za Word na Excel vya kutosha kwa kazi ya stoo. Inakera kidogo kwenye majedwali makubwa, lakini inasasishwa.

Flashi nayo ina jambo ambalo watu wengi hawalijui. Unapopakua faili kutoka intaneti, Windows hulibandika lebo isiyoonekana inayosema limetoka nje, na kwa kuiona lebo hiyo Office hulifungua kwa tahadhari. Tangu 2022 Microsoft wameifanya Office mpya izuie kabisa makro za mafaili yenye lebo hiyo, badala ya ule utepe wa njano wenye kitufe ambacho kila mtu alikuwa anakibofya bila kusoma. Sasa, flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT ambao hauwezi kuibeba lebo ile. Faili linaingia kwenye flashi likiwa na lebo, linatoka upande wa pili bila lebo, na kompyuta inalipokea kama mwana wa nyumbani. Wezi wenyewe walipoona makro zimezibwa walihamia kwenye mafaili ya ISO (faili moja linalofunguka kama diski yenye mafaili mengine ndani), ambayo kwa muda fulani yaliyomo ndani yake hayakurithi lebo hiyo hadi kiraka kilipotolewa Novemba 2022, kisha mwanzoni mwa 2023 wakahamia kwenye hati za OneNote, programu ya Microsoft ya kuandikia madokezo. Ninakupa historia hii ili usikariri aina moja ya faili. Kitu cha kujiuliza ni kama ankara ya ukurasa mmoja ina sababu yoyote ya kuja ndani ya zipu, tena yenye nywila iliyoandikwa kwenye barua ile ile. Nywila hiyo kazi yake ni kuizuia kinga isichungulie ndani.

Nyongeza moja: mtu atakushauri ulipandishe lile faili kwenye tovuti ya VirusTotal ili lipimwe na kinga nyingi kwa mpigo. Kwa .exe ile ni sawa. Lakini msizoee kupandisha kule ankara na mikataba ya kweli ya wateja, kwa sababu kilichopandishwa kinaweza kupakuliwa na wateja wa huduma ile wanaolipia.


BintiSua
Jumatano, saa 5:10 asubuhi

Samahani kwa kuingilia. Mimi ankara zote hufungulia kwenye simu ya Android. Je, niko salama?


FundiSeva
Jumatano, saa 5:25 asubuhi

Kwa .exe, ndiyo, haiwezi kufanya kazi kwenye Android. Kwa kiambatisho cha HTML, yaani faili la ukurasa wa tovuti, hapana: hicho hufungua ukurasa unaofanana na wa kuingilia kwenye barua pepe, wenye ankara iliyofifishwa nyuma yake na maelezo kwamba uandike nywila ili uione. Hapo simu na kompyuta ni mamoja, kwa kuwa anayeitoa nywila ni wewe. Na ukiambiwa usakinishe programu ili uisome ankara, funga.


HesabuMvita
Jumatano, saa 8:45 mchana

Nawasalimu kutoka Mombasa. FundiSeva ameeleza mlango, nami nataka kueleza kinachofuata mwizi akishaingia, kwa kuwa mimi nilikuwepo. Kampuni niliyokuwa nikiitumikia zamani ilikuwa ikinunua vifaa vya kupakia chai kutoka ng'ambo. Mwenzetu mmoja alifungua hati ya bei isiyofunguka, akaisahau. Zilipita wiki tano, dadangu, wiki tano nzima bila lolote. Kisha ikaja ankara ya muuzaji wetu wa siku zote: kiasi sahihi, namba ya oda sahihi, muhuri wake, hata lile kosa lake la kawaida la kuandika "Mombassa" kwa s mbili. Kilichobadilika ni benki. Barua ilieleza kwamba akaunti ya zamani iko kwenye ukaguzi wa mwaka. Tulilipa. Muuzaji alipouliza fedha zake baada ya siku kumi na moja, hazikuwa tena mahali ambapo benki yoyote ingeweza kuzirudisha.

Nilichojifunza ni kwamba mwizi hakuhitaji kutudanganya kwa uhodari. Alisubiri ankara ya kweli iandikwe, akaichukua, akabadili mstari mmoja. Wala si sisi wadogo tu tunaoliwa hivi. Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alijifanya kampuni ya Quanta ya Taiwan, ambayo kwa kweli ilikuwa ikiwauzia vifaa Google na Facebook, akazitumia kampuni hizo mbili ankara na mikataba ya uongo kati ya 2013 na 2015, nazo zikamlipa zaidi ya dola milioni 120. Alihukumiwa New York Desemba 2019, kifungo cha miaka 5. Yeye hakuhitaji hata kirusi. Kwa hiyo anayesema kwamba aliyelipa ni mjinga, awaeleze na wale wenye majengo ya vioo.

Kanuni yetu sasa ni moja tu na hatuivunji hata kwa mteja anayelia: akaunti ya malipo ikibadilika, mmoja wetu humpigia simu mtu tunayemjua, kwa namba tuliyokuwa nayo kabla ya barua kuja. Ile iliyo chini ya barua haipigwi. Mwanzoni wauzaji walikasirika. Mmoja alituuliza kama tunamwona mwizi. Siku hizi wanapiga wao kwanza.

Dadangu, ningekuwa wewe nisingengoja wiki tano. Wapigie wateja wako leo hii, wale wanaolipa kiasi kikubwa kabla ya wadogo, uwaambie kwamba akaunti yenu haijabadilika na haitabadilika kwa barua pepe.


WakiliMtaa
Jumatano, saa 11:20 jioni

Kwa ufupi, upande wa sheria. Tanzania Bara kosa la kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini linashughulikiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo fungua jalada polisi hata kama hakuna senti iliyopotea. Benki ikianza kuuliza maswali, namba ya jalada itakusaidia. Hifadhi barua yenyewe kama ilivyo, pamoja na vichwa vyake kamili (yale maelezo yaliyofichwa ya njia barua iliyopitia), maana kuipiga picha ya skrini hakutoshi kuonyesha ilipitia seva gani. Unaweza pia kuitaarifu TZ-CERT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Kama kwenye kompyuta hizo mlikuwa na nakala za vitambulisho na pasipoti za wateja, na ofisi za forodha huwa nazo, basi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, na mwanasheria wa kampuni yenu aisome mapema. Kwa wenzetu wa Kenya muda umetajwa waziwazi: Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu kugundua.


MhasibuKurasini
Alhamisi, saa 4:50 asubuhi

Ndugu zangu, narudi na yaliyojiri. Kijana wa Kariakoo amelala ofisini usiku wa kuamkia leo, kompyuta mbili zimesafishwa, na ile ya stoo imewekewa LibreOffice huku mwenyewe akinung'unika. Wenye malori wamenipigia jana jioni, safari hii kwa sauti nyingine; wateja wao wengine wanne wamepata ankara kama yangu.

Zile kanuni za barua nilizisoma moja moja kutoka kwenye kompyuta ya binti wa bosi. Kulikuwa na tatu nilizoziweka mwenyewe miaka iliyopita, na ya nne ambayo sikuiweka. Jina lake lilikuwa nukta moja tu, kiasi kwamba nilidhani ni uchafu kwenye kioo nikakipangusa. Iliwekwa Jumanne alfajiri. Iliagiza kwamba kila barua inayoingia yenye maneno ya Kiingereza ya ankara, malipo na benki, au neno "swift" (uhamisho wa fedha wa benki za kimataifa), iwekwe alama kuwa imesomwa na ihamishiwe kwenye kabrasha la RSS, ambalo kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa sijawahi kulifungua.

Nimelifungua. Mlikuwa na barua sita. Tano zilikuwa za kawaida. Ya sita ilitoka kwa mteja wetu wa Lubumbashi, ambaye huandika Kiswahili cha kwao na huwa ananichekesha, iliyoingia Jumanne jioni wakati mimi nikiandika mada hii: "Dada, ile swift tuitume ku konti ya zamani ao ku hii ya mupya mulitutumia leo? Naona benki si ile." Chini yake kulikuwa na barua yenye jina langu na saini yangu, ambayo sikuiandika, na ambayo kwenye kabrasha langu la barua zilizotumwa haimo.

Nimempigia kwa namba iliyo kwenye mkataba wetu wa kwanza. Alikuwa bado hajaenda benki. Alisema alikuwa anangoja nimjibu.